Shangazi Aliyenifundisha Kulia

Kilio cha Shangazi Apondi kilianzia mbali. Kama msiba ulikuwa katika boma la tatu baada ya njia panda, yeye aliweka kikapu chini pale pale njia panda, akajifunga leso kiunoni, akakiinua kikapu tena na kuanza. Kwanza ilitoka sauti moja nyembamba, ndefu, isiyo na neno ndani yake, na mgeni angedhani ni mtu anayeita ng'ombe waliovuka mto. Halafu sauti ilishuka na kupata maneno: jina la marehemu, jina la baba yake, mahali mama yake alikotoka, mambo aliyoyafanya. Alipofika langoni, watu waliokuwa wamekaa tangu asubuhi wakijipepea kwa kofia na kuongea habari za mvua walikuwa wamenyamaza, na wale ambao machozi yao yalikwisha kukauka waliyapata mengine. Nusu saa baadaye mwanamke huyo huyo alikuwa jikoni akipuliza moto na kuwasimulia wenzake kisa fulani, nao wameziba midomo kwa leso ili wafiwa wasiwasikie wakicheka. Nimehudhuria matanga mengi tangu wakati huo, mengi kuliko ninavyotaka kukumbuka, na sijasikia tena mtu anayelia hivyo.

Shangazi mwenyewe tulimzika Jumamosi, wiki mbili zilizopita. Alikuwa dada wa pekee wa marehemu baba yangu. Naandika haya nikiwa nimechoka, wala si uchovu wa kulala mapema ukaisha. Tangu baba afariki mimi ndiye mkubwa katika familia yetu, na kila kifo huanzia kwenye simu yangu: nani aende mochari, hema litoke wapi, viti viwe vingapi, picha gani iwekwe mbele ya ratiba, nani atakasirika asipotajwa. Nimekuwa fundi wa kuzika watu. Najua ni duka gani mjini Kisumu litakalonichapia ratiba nikingoja, na najua ni kwaya gani isiyopewa kipaza sauti kama unataka kumaliza mapema. Katikati ya ufundi huo kuna jambo moja nililoliacha lipite, na ili nilieleze inabidi nirudi nyuma miaka arobaini, kwenye likizo moja ya Desemba niliyokaa kwa Shangazi, kule chini ya Kombewa ambako barabara ya vumbi inateremka mpaka inakutana na ziwa.

Nilikuwa na miaka kumi. Mama alikuwa amelazwa hospitalini mjini, ana mimba iliyomsumbua, na daktari alikuwa amemkataza hata kuketi. Baba hakujua kusuka nywele wala kupika chochote zaidi ya chai, kwa hiyo shule zilipofungwa alinipandisha basi mpaka Kombewa, tukateremka kwa miguu, akaniacha kwa dada yake na mfuko wa nguo na mkate mmoja. Mume wa Shangazi alifanya kazi katika kiwanda cha sukari, mbali, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi tu. Watoto wao walikuwa wameshakua na kuondoka. Tulikuwa sisi wawili. Shangazi alikuwa mfupi, mnene kidogo, na kicheko chake kilianzia mabegani. Uliona mabega yakitikisika kwanza, ukajua kuwa sauti iko njiani. Mimi nilipewa jina la mama yake, Aloo, na kwa desturi yetu aliyebeba jina amembeba mtu. Basi hakuniita kwa jina langu hata siku moja. Aliniita Minwa, yaani mama yetu. Mimi nilimwita Waya, kama watoto wa Kijaluo wanavyomwita shangazi. Asubuhi alinisalimu kwa kuinama, akaniuliza kama Minwa ameamka salama, kisha akaniomba ruhusa ya kupika uji. Akiunguza ugali alikuja kunishtakia kwamba binti yangu ameharibu chakula, na kwamba nisimchape sana. Nilicheka hata siku ambazo sikutaka kucheka.

Kazi yake ilikuwa omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Asubuhi jua lilipoanza kuonekana tulikwenda ufuoni na mabeseni, akanunua kwenye mashua zilizotoka majini, tukapanda na mzigo kichwani mpaka kwenye nyasi fupi zilizokuwa mbele ya nyumba. Pale kulikuwa na nyavu kuukuu zimetandazwa, ili omena zisishike mchanga. Tulizimwaga, tukazitawanya kwa viganja mpaka kila moja ikapata nafasi yake, halafu ikabaki kazi ya kuzigeuza na kufukuza mabata na yangeyange. Kufikia saa nne harufu ilikuwa imepanda, ile harufu ya chumvi na jua ambayo ukiishi nayo siku tatu huisikii tena, lakini ukirudi mjini kila mtu anaisikia kwako. Magamba madogo yalikauka mikononi yakawa yanang'aa. Nilikuwa nimepewa fimbo ya kufukuzia ndege, na siku ya pili au ya tatu nilikaa nayo upande wa nyuma, mahali ambapo sikuonekana kutoka jikoni, nikalia. Nilikuwa nimeshika akilini kwamba mama atakufa. Hakuna aliyeniambia hivyo, lakini hakuna aliyeniambia vinginevyo pia.

Shangazi alinikuta hapo. Hakunikumbatia wala kuniambia ninyamaze. Alisimama, akaweka mikono kiunoni, akasikiliza kwa makini kama fundi anayesikiliza injini, kisha akatikisa kichwa.

"Minwa, unalia vibaya," alisema. "Hiyo ni ya kooni. Itakuumiza bure na hakuna mtu atasikia. Toa kwa tumbo."

Nilishangaa hata nikasahau kulia. Akaketi chini karibu nami, akaniwekea kiganja tumboni, akaniambia nianze tena. Nilipojaribu, sauti ilitoka ovyo na mabega yake yakaanza kutikisika, na mimi pia nikacheka huku pua inatiririka. Hivyo ndivyo masomo yalivyoanza. Baadaye, nilipokuwa mtu mzima, nilielewa kwamba alikuwa amenipa kazi ya kufanya na ule woga wangu, lakini wakati ule niliona tu kwamba nafundishwa jambo la watu wakubwa, nikajivuna sana.

Alinifundisha huku tukigeuza omena. Kwanza, alisema, usianzie langoni. Anayeanzia langoni anawalilia watu waliokaa pale. Anayeanzia mbali anamlilia marehemu, kwa sababu marehemu naye yuko mbali. Pili, mtaje kwa wazazi wake na mahali alikotoka, ili ajue ni yeye anayeitwa na si jirani. Tatu, mtajie jambo lake la kweli, hata kama ni dogo, hata kama si zuri. Ukimpa mtu wema ambao hakuwa nao, waliomjua watatazamana. Alikuwa amewahi kumlilia mwanamume mmoja aliyejulikana ufuo mzima kwa ubahili wa baiskeli yake, na alichomwimbia ni kwamba baiskeli sasa itabaki peke yake, haina wa kuifungia ndani. Watu walicheka, halafu mke wa yule mtu akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie. Na mwisho, alisema Shangazi, muulize marehemu swali. Liwe swali ambalo ni yeye tu angelijibu. Ukishauliza, nyamaza kabisa, usivute hata kamasi. Ngoja kana kwamba jibu linakuja.

Tulifanyia mazoezi vitu vilivyoharibika. Tulililia sufuria lililotoboka. Tulimlilia jogoo aliyechinjwa kwa ajili ya mgeni wa kanisa. Ndara yangu ya kushoto ilipokatika, Shangazi alinisimamisha kwenye ua wa minyaa na kuniambia nianzie pale mpaka mlangoni, na nikaja nimeweka mikono kichwani, nikimwita ndara mwana wa soko la Kombewa, aliyevuka matope ya Desemba bila kunung'unika, nikamuuliza ni nani sasa atakayemsindikiza yule wa kulia. Wanawake waliokuwa wakipita na mabeseni walisimama njiani wakacheka mpaka wakatua mizigo. Shangazi alijifuta machozi kwa ncha ya leso akaniambia niko karibu kufaulu, ila mikono niishushe kidogo, inaziba sauti. Katika wiki hizo alinipeleka kwenye matanga matatu. Nilitembea nyuma yake nimeshika leso yake, nikimsikiliza, na moyoni nikingoja siku ambayo nitaanza mimi.

Juu ya mteremko wetu aliishi Mzee Odero. Watu walimjua kwa ugomvi wake na viboko. Shamba lake la viazi vitamu lilianzia nyuma ya nyumba yake na kushuka mpaka karibu na maji, na viboko walitoka kula majani, na yeye alisimama na fimbo akiwatukana kama mtu anayegombana na mashemeji, akitaja walichokula mwaka jana na mwaka juzi. Desemba ile alikuwa mgonjwa wa kifua na hakuwa ametoka nje kwa wiki kadhaa. Alikuwa pia na redio, na kila alasiri majirani walikusanyika kwake kusikiliza matangazo ya vifo kwa Kijaluo, ili wajue ni nani amekufa wapi na anazikwa lini. Mimi sikuwahi kwenda. Saa hizo nilikuwa nakusanya omena.

Siku moja Shangazi alinipeleka sokoni Kombewa, na tulipokuwa tunarudi alisimama kuongea na mtu, akaniambia nitangulie. Nilipofika njia panda niliona boma la Mzee Odero juu ya ua. Watu walikuwa wamejaa mbele ya mlango wake, wameketi chini, vichwa vimeinama, hakuna anayesema neno. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama ameweka mikono kichwani. Sikuona redio. Sikujua kwamba siku hiyo ilikuwa imewekwa ndani ya kizingiti ili Mzee aisikie kitandani, wala kwamba yule mwanamke alikuwa ametoka kusikia likitajwa jina la mtu wa kwao. Niliona mlango wa mzee mgonjwa na watu walionyamaza, nikajua nilichokijua. Sikumngoja Shangazi. Nitasema ukweli: sikuhuzunika, nilifurahi. Nilijifunga kijileso changu kiunoni nikaanza.

Ilitoka vizuri. Mpaka leo najua kwamba ilitoka vizuri. Sauti ya kwanza ilitoka tumboni na kwenda mbali, nami nikaifuata nikikimbia kidogo kidogo, nikimwita Odero mwana wa Nyangweso, Odero aliyelala na jicho moja wazi kwa ajili ya viazi, Odero ambaye viboko walimjua kwa sauti. Nilipoingia langoni nyuso zote zilinigeukia, macho yamewatoka, na nilidhani wanastaajabia ustadi wangu. Nilifika mbele ya mlango, nikasimama, nikashusha mikono kama nilivyofundishwa. Nikauliza: "Odero, ni nani sasa atafukuza viboko kwa viazi?" Kisha nikanyamaza kabisa.

"Ni mimi," ilijibu sauti kutoka ndani ya nyumba. "Kwani nimeenda wapi?"

Mtu alinishika mdomo. Mwingine alinivuta mkono. Wanawake wazee walikuwa wamesimama wote, na mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba kilio kikishatolewa hakirudi kwao mikono mitupu, na sasa boma hili litafanya nini. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Shangazi aliingia langoni akihema, kikapu kichwani. Alinitazama mimi, akatazama redio iliyokuwa bado inasema, akatazama mlango. Mabega yakaanza. Alijaribu kushika kikapu kikamshinda, akaketi chini pale pale katikati ya boma la watu akacheka mpaka nyanya zikamwagika na kuviringika miguuni mwa wazee. Kutoka ndani tukasikia Mzee Odero naye anacheka na kukohoa, anakohoa na kucheka. Aliagiza niletwe. Nilipelekwa mpaka kitandani, na alichotaka kujua ni kwa nini nimeacha mwaka aliompiga kiboko usoni kwa kasia, jambo ambalo kila mtu alilijua. Shangazi aliahidi kwa niaba yangu kwamba litaongezwa. Halafu Mzee akapiga funda la maji ya kikombe, akanipulizia kifuani kwa baraka, akasema wote wasikie kwamba hakuna neno na mtu asilifanye kuwa neno.

Lakini mimi nililifanya neno. Siku zilizofuata sikula vizuri. Nilikuwa nimekitoa kilio, na kama yule mama mzee alisema kweli, kingemchukua Mzee Odero, na kama si yeye, kingekwenda hospitalini Kisumu kwa mama. Kila asubuhi nilisimama kwenye nyavu na fimbo yangu, nimetega sikio kuelekea juu, na redio ya Mzee ilipofunguliwa ndipo nilipovuta pumzi. Asubuhi ya tano au ya sita haikufunguliwa. Nilingoja. Jua lilipanda, nyimbo ambazo zilitangulia habari hazikuja, habari zenyewe hazikuja. Nilitupa fimbo nikakimbia kupanda mteremko, na nyuma yangu nikasikia mabata yakishuka kwenye omena. Nilimkuta Mzee Odero katikati ya viazi vyake, amejifunga blanketi mabegani, ameegemea fimbo. Juu ya jiwe alikuwa ameanika betri za redio juani, zimepangwa safi kama omena zetu, ili zipate nguvu kidogo. Aliniona nikihema akajua nilichokuja kutafuta. Aliniambia kwamba zilizokufa ni betri.

Niliporudi, mabata yalikuwa yamekula sehemu kubwa ya mapato ya siku hiyo. Shangazi aliyafukuza, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema mabata nayo yana Krismasi. Tulikaa chini kuokota zilizobaki. Tukiendelea kuokota akasema Mzee Odero ni mtu mwenye bahati, kwa maana amesikia kilio chake kwa masikio yake mwenyewe.

"Minwa, hata mimi nataka yangu nikiwa hai," alisema. "Ukingoja nikufe, utakuwa unaimbia nani?"

Nilimwambia nitamfanyia nikikua. Alikubali. Alinikumbusha tu kwamba nisisahau maji ya Sondu, kwa sababu alizaliwa upande wa Nyakach, mahali ambapo mto huo unasikika hata ukiwa ndani ya nyumba. Kabla ya mwaka kwisha baba alikuja kunichukua. Mama alikuwa nyumbani, mwembamba, na kando yake mtoto wa kiume mwenye kelele nyingi.

Nilikua. Kila Krismasi tulipoenda kwake, Shangazi aliniuliza kama Minwa yuko tayari, na kila Krismasi nilikuwa na sababu. Mwanzoni niliona haya mbele ya ndugu zangu. Nilipoingia sekondari niliona ni mambo ya ushamba. Halafu ikawa ndoa, watoto, ofisi. Mzee Odero aliishi miaka mingi akiendelea kugombana na viboko, na alipokufa kweli nilikuwa chuoni, sikwenda. Shangazi aliniletea habari kwamba nisijisumbue, mimi nilishamlilia zamani, zamu yangu ilikwisha. Alizidi kuzeeka akicheka. Meno yalipungua, kicheko hakikupungua. Aliendelea kulia kwenye matanga mpaka magoti yakamkatalia, na kufikia wakati huo spika zilikuwa zimeingia na hakuna aliyemwita tena.

Mwezi mmoja uliopita alilazwa Kisumu. Nilikuwa nampitia jioni nikitoka kazini. Wauguzi walimpenda, aliwaambia kwamba mimi ni mama yake, na kwamba mama huyu hamtunzi, nao walicheka. Jioni moja nilikaa kando ya kitanda nikiwa na simu mkononi. Kulikuwa na kifo upande wa mume wangu na kikundi cha matanga kwenye simu kilikuwa kinagombana kuhusu hema. Nilikuwa nimechoka sana siku ile, miguu imevimba. Shangazi akanigeukia.

"Minwa," alisema, "leo uko na nafasi?"

Nilijua anaomba nini. Wadi ilikuwa imejaa watu, niliona aibu, na simu ilikuwa inatetemeka.

"Waya, wacha maneno ya kufa," nilisema. "Utapona. Desemba nitakuja nikufanyie yote."

Mabega yake yalitikisika kidogo. Sauti haikuja, nguvu hazikuwepo. "Sawa," alisema. "Lakini usianzie kwa gate. Anza mbali." Kisha akageukia ukuta akalala, na mimi nikarudi kwenye habari za hema. Alifariki wiki iliyofuata, asubuhi, mimi nikiwa kazini. Sikukosa maneno siku ile. Nilikuwa nayo yote, nilikuwa nayo tangu nikiwa na miaka kumi. Nilimnyima tu, na nitajilaumu kwa hilo mpaka mwisho wangu.

Mazishi, kule bomani kwake, yalikwenda vizuri. Kila mtu alisema hivyo. Hema lilifika mapema, jenereta haikuzima, na kwa sababu ratiba niliitengeneza mimi, ilifuatwa. Tangu lango mpaka jikoni spika zilikuwa zikipiga nyimbo za kanisa, kwa hiyo wanawake walioshuka kwenye magari walitembea kimya, wakasalimu, wakatafuta viti. Nilikuwa nimejipangia dakika tatu. Nilisoma kwenye karatasi kwamba marehemu alikuwa mchapakazi, mcha Mungu na mkarimu, maneno ambayo nimewahi kuyasoma kwa watu wengine wanne kwa kubadilisha jina. Kiongozi wa ratiba alinishukuru kwa kutunza muda. Saa tisa tulikuwa tumefukia kaburi, saa kumi wageni walikuwa wamekula na kuondoka, na vijana wa hema walianza kupakia viti kwenye lori. Jenereta ikazimwa. Ndipo nikausikia ukimya wa boma lile, ambalo katika maisha yangu sikuwahi kulisikia likiwa kimya.

Nilivua viatu vyangu vya mazishi nikavishika mkononi, nikatoka langoni, nikatembea mpaka njia panda. Ua wa minyaa haupo tena. Kuna kibanda cha bodaboda na tanki la maji. Nilijifunga leso kiunoni nikaanza. Sauti ya kwanza ilitoka kooni, mbovu, ikakatika. Niliweka kiganja tumboni nikaanza upya. Nilikuwa nimepita kibanda kidogo tu mwanamke mmoja alipotoka mbio kwenye boma lililokuwa la Mzee Odero, mikono ina unga, anahangaika kufunga kitambaa kichwani. Ni mke wa mjukuu wake.

"Mama, ni nani tena amekufa?" aliniuliza.

"Ni yule yule," nilimwambia. "Nimechelewa tu."

Alinitazama usoni, akatazama viatu mkononi mwangu. Alijifuta unga akaanza kutembea kando yangu, nami nikaendelea. Nilimwita Apondi binti wa Aloo, binti wa Nyakach, aliyelala utotoni akisikia maji ya Sondu. Nilimwita Apondi ambaye mabega yake yalicheka kabla ya mdomo, aliyeunguza ugali akaja kujishtaki, aliyenitoa machozi ya kooni akanipa ya tumboni, aliyeketi chini kwenye boma la mgonjwa akacheka mpaka nyanya zikatapakaa. Vijana wa hema walisimama na viti mikononi. Nilipita katikati yao mpaka kwenye udongo mbichi, nikashusha mikono. Baba ameshakwenda, na hakuna mwana mwingine wa Aloo aliyebaki.

"Apondi," nikauliza, "ni nani sasa ataniita Minwa?"

Kisha nikanyamaza kabisa, kama alivyonifundisha, nikangoja. Siku ile kwa Mzee Odero sauti ilijibu kutoka ndani ya nyumba. Mke wa mjukuu wake alikuwa amesimama kando yangu, naye anangoja, na wale vijana hawakuweka viti chini.